Sakafu ya Sahani

Baba alitangaza habari ya marumaru akiwa anakunywa chai, kwa sauti ileile anayosemea kwamba leo kutakuwa na jua. Jumamosi ua wetu utapigwa marumaru, fundi ameshapatikana, maboksi yataletwa leo mchana. Hakumuuliza mtu. Mama alikuwa ameinama anammiminia kikombe cha pili.

"Na sakafu iliyopo?" nikauliza.

"Sakafu ipi? Hayo makombo?"

Nikaacha mkate. Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nikiyameza hunikwama kooni kama mwiba wa samaki, kwa hiyo niliyatema yote palepale mezani. Nilimwambia kwamba hayo makombo ndiyo kitu pekee kizuri katika nyumba hii, na kwamba yeye maisha yake yote hajawahi kutengeneza kitu ila amri. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akaniuliza mnyoosha mabati ya magari amekuwa hakimu wa uzuri tangu lini. Kisha akatoka. Mama akakusanya vyombo akisema chai yangu inapoa.

Sakafu yenyewe iko uani, inaanzia mlango wa jiko hadi kwenye lango, na mama aliijenga kabla mimi sijazaliwa. Ni vipande vya sahani, vikombe na mabakuli, vimezamishwa kwenye saruji ubavu kwa ubavu. Kuna mawaridi mekundu yaliyokatika shingo. Kuna mikono ya vikombe iliyochomoza kidogo kama masikio ya mtu anayesikiliza chini kwa chini. Ukanda wa buluu unaanzia jikoni, unapinda kama mto, unaishia chini ya kiti cha baba, na hapo pana sahani kubwa nyeupe iliyopangwa upya kipande kwa kipande hata ukiitupia jicho la haraka unadhani ni nzima. Nilipokuwa mdogo mama aliniambia vipande vilitoka hotelini, kwamba rafiki yake alikuwa akiosha vyombo huko na kumletea vilivyovunjika. Sisi wenyewe tulikula kwenye sahani za bati miaka yote. Niliona ni kubana matumizi tu. Zilizobonyea tangu zamani nilizipeleka gereji nikazinyoosha kwa nyundo ndogo, na nilijivunia kazi hiyo.

Kwenye kile kiti, juu ya ile sahani nyeupe, baba hukaa jioni kupatanisha watu. Mtaani kwetu mke na mume wakikosana huja kwake. Ana sauti nzuri ya kupatanisha. Nimemsikia mara nyingi akiwaambia vijana waliooana juzi kwamba nyumba ni subira, na hasira ni mgeni, usimpe kiti. Wageni hao ndio waliomtia aibu. Mmoja alijikwaa kwenye sikio la kikombe, mwingine akauliza kama hapa palikuwa jalala, na tangu siku hiyo mzee akawa hana usingizi mpaka apate marumaru.

Pale gereji wenzangu wananiita Vina, kwa sababu nagonga bodi za magari huku nikitunga. Hakuna aliyenifundisha. Mizani niliisikia redioni, nikaihesabu kwa vidole, nikanunua vitabu vilivyochanika majalada, nikajifunza mwenyewe mpaka nikaweza kusimamisha ubeti bila kushika kalamu. Nyundo inasaidia. Bati likikubali kurudi mahali pake hutoa sauti yake, na mstari uliokaa sawa nao una sauti yake. Mashairi yangu ni mazuri, na sisubiri mtu mwingine aniambie.

Lakini mwaka jana nilisubiri. Nilipeleka mashairi yangu kwenye ukumbi wa sanaa wa mjini, kwa bwana anayechagua kazi za kuonyeshwa, ambaye kimoyomoyo nilimwita Bwana Ukumbi. Alisoma ukurasa mmoja huku akitafuna karanga. Akasema vina na mizani ni hesabu, sanaa ni uhuru, na kwamba kwa mtu wa gereji nimejitahidi. Kwa mtu wa gereji! Niliondoka nikiwa na hamu ya kumnyoosha yeye.

Sasa niliona hakuna njia nyingine ila kurudi kwake. Baba haniheshimu mimi wala hamsikilizi mama, lakini anaogopa watu wenye tai. Bwana Ukumbi akisema sakafu ni sanaa, mzee atanywea. Siku hiyohiyo, mchana, nikaenda na ovaroli yangu yenye mafuta, nikamwekea simu mezani, nikamfungulia picha.

Swali lake la kwanza lilikuwa msanii huyo amesomea wapi. Nilipomwambia ni mama yangu, uso wake ukalegea, ule ulegevu wa mtu aliyeagiza nyama akaletewa maharage. Akanieleza kwa upole kwamba kuna sanaa na kuna mapambo ya nyumbani. Wanawake wengi wana mikono mizuri, wanapamba mito, wanapamba keki, na hilo ni jambo la kupongezwa, ila ukumbi una viwango vyake. Nikamuuliza viwango hivyo vinapimwa kwa futi au kwa kilo. Nikamuuliza kama huo mto wa buluu ungekuwa umechorwa na mtu mwenye ndevu na cheti angeuita pambo la keki. Nilisema mengine ambayo hayaandikiki. Watu wa ofisi ya pili walitoa vichwa mlangoni.

Nadhani alikubali kuja ili niondoke.

Jioni nikampigia dada simu. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka mingi. Aliolewa mji mwingine nikiwa bado nalia nikinyimwa sukari, na mimi ndiye kitinda mimba. Nilitaraji atanipongeza. Badala yake akaniambia nisimlete mtu yeyote kuangalia ile sakafu.

"Kwa hiyo unataka marumaru?"

"Nataka uache kushika usichokijua. Umewahi kumuuliza mama zile sahani zilitoka wapi?"

"Hotelini."

"Nani kakwambia?"

"Mama mwenyewe."

"Haya," akasema dada. "Basi ni hotelini."

Akakata. Nilimwona mwoga. Watu waliohama nyumbani huwa wanataka kila kitu kibaki kimya ili wakija likizo wapate usingizi. Nikachukua kalamu, nikaandika ubeti wa kumsomea Bwana Ukumbi:

*Vilivyotupwa jalala, mama ukaviokota,*
*Kila kimoja mahala, kwa rangi kikajipata,*
*Jua likija kulala, ua wote huwa nyota,*
*Mikono yako fadhila, ni nani ataifuta?*

Niliusoma kwa sauti chumbani kwangu, nikaridhika nao kupita kiasi.

Jumamosi fundi wa marumaru alifika mapema, na msumeno wake na ndoo mbili, akakuta amri mbili zinapingana. Baba anamwambia anza, mimi nimesimama katikati ya ua nimetanua miguu kama golikipa. Fundi alikuwa mtu mtulivu. Akageuza ndoo akaikalia, akasema yeye kwenye mambo ya familia za watu haingii, wakimaliza wamwite. Mama alitoka mara moja kuangalia, akaenda kwa jirani kuazima sahani nzuri ya kauri, kwa sababu mgeni wa tai halishwi kwenye bati. Akampangia maandazi juu yake, akaiweka kwenye meza ndogo kando ya kiti cha baba.

Bwana Ukumbi aliingia akiwa na sura ya mtu aliyekuja kulipa deni la maneno. Alitembea hatua chache. Akasimama. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ukanda wa buluu kutoka jikoni hadi kitini, na kidole kilizidi kwenda polepole kadiri kilivyosogea. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Akasema hajawahi kuona kitu cha namna hii. Akasema hazina. Baba, ambaye alikuwa ameshafungua kinywa kuomba radhi kwa uchafu, alikifunga.

Nilikuwa nimeshinda. Nataka ieleweke nilivyoshinda, maana ushindi wenyewe haukuchukua muda mrefu.

Bwana Ukumbi akaeleza kwamba sakafu inaweza kukatwa vipande vikubwa, ikabebwa, ikaunganishwa tena ukumbini chini ya taa. Itakuwa na kadi yenye jina la kazi na jina la familia. Alikuwa anamweleza baba. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, hatua mbili kutoka hapo, na mgeni anamweleza baba. Na mzee, yule yule wa makombo, akaketi vizuri kwenye kiti chake, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine, akasema yeye daima alijua mke wake ana kipaji. Akasema amemwacha afanye apendavyo, maana wapo wanaume wasioruhusu. Kisha akacheka kidogo akasema, "Bila mimi isingekuwepo hii."

Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikaona dawa yake ni ubeti wangu. Nikaukunjua, nikausoma kwa sauti ya kujaza ua. Fundi alitikisa kichwa kwa utamu wa vina. Bwana Ukumbi akanisifu kwa mara ya kwanza tangu anijue, akamgeukia mama, hatimaye, akamuuliza alikuwa akichaguaje mahali pa kuweka kila kipande.

Mama alijifuta mikono kwenye kanga. Alinitazama mimi kabla ya kumjibu yeye.

"Sikuwa nachagua rangi," akasema. "Kila kimoja nilikiweka anapopita."

"Anapopita nani, mama?" Bwana Ukumbi akauliza.

"Yeye."

Hakunyoosha kidole. Alitoka mlangoni akaanza kutembea juu ya kazi yake mwenyewe, na kila alipofika mahali alisimama. Yale mawaridi, akasema, ni siku alipomzaa dada yangu, kwa sababu alitakiwa mtoto wa kiume. Ile kahawia ni chumvi imezidi. Vikombe vyenye masikio vilikwenda vyote kwa mkupuo, kaka yake alipokuja kumsalimia akakaa kupita alivyotakiwa. Buluu ilikuwa seti nzima ya harusi, na ilichukua muda mrefu kuisha. Alisema yote haya bila kupandisha sauti, kama mtu anayemwonyesha mpangaji mpya choo kiko wapi na bomba liko wapi. Akafika kwenye kiti.

"Na hii nyeupe nilimwomba ruhusa nikamzike mama yangu."

Baba alikuwa ameketi juu yake, miguu ikiwa imekunjwa vilevile.

"Alikuwa akimaliza kuvunja anakwenda kulala," mama akaendelea. "Mimi naokota. Nikasema siwezi kumrudishia, sina nguvu hizo. Lakini atazikanyaga. Kila siku akitoka, kila siku akirudi, atakanyaga alichofanya. Na akae juu yake awafundishe watu subira."

Nikamuuliza na hoteli je. Akasema mtoto akiuliza huwezi kumjibu kila kitu.

"Lakini aliacha," nikasema. Sijui kwa nini nilimtetea. "Mimi sijawahi kumwona."

"Hakuacha kwa hiari yake. Nilinunua za bati." Akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. "Bati halivunjiki, linabonyea tu. Lakini linapiga kelele, majirani wakawa wanauliza. Hapo ndipo alipoacha. Si ulikuwa unazinyoosha mwenyewe?"

Nilikuwa nazinyoosha mwenyewe. Nilikuwa nimekaa gereji na nyundo yangu ndogo, natunga mashairi ya umande na mapenzi, huku nikifuta mkono wa baba kwenye bati mpaka likawa laini, na nikirudi nyumbani nasifiwa.

Baba alisema kwamba hayo ni mambo ya zamani na kwamba anaaibishwa mbele ya wageni. Ndiyo yote aliyosema. Nilitaraji angalau akane, nipate pa kushika.

Lakini aliyenimaliza ni Bwana Ukumbi. Macho yake yalikuwa yamelowa kweli, siwezi kumsingizia. Alishika mikono ya mama kwa mikono yake miwili akamwambia kwamba sasa, sasa hii ni sanaa. Hiki ndicho kilichokuwa kinakosekana. Alipoiona mwanzo aliona ni kazi nzuri, lakini haikuwa na kina, na sasa ina kina. Haya yote yaandikwe kwenye kadi, mawaridi, chumvi, mazishi, kila kitu, na mzee akikubali kupigwa picha kitini itakuwa na nguvu zaidi. Watu watalia, akasema. Nakuhakikishia watalia.

Yaani mto ule wa buluu ulikuwa pambo la keki mpaka aliposikia ulipigwa ukutani kwanza. Mikono ya mama haikutosha, jicho lake halikutosha, miaka ya kuchanganya saruji kwa mwiko wa kuazima haikutosha. Ilibidi kwanza aonyeshe kidonda. Na aliyemleta mtu huyu, na tai yake, na kadi yake, ni mimi. Na yule aliyekaa kitini anafikiria kama apigwe picha!

Sahani ya jirani ilikuwa karibu na mkono wangu. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka maandazi yakiruka, nakumbuka sauti, na nakumbuka kwamba kwa muda mfupi sana nilisikia raha, raha kubwa, ambayo hakuna ubeti umewahi kunipa.

Ilipasukia miguuni pa baba. Hakurudi nyuma. Aliviangalia vipande, akainua macho taratibu, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Palikuwa na kitu kama nafuu.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Nilitaka kumwambia mimi si yeye. Nikamgeukia mama. Alikuwa akiniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyeingia na viatu vya tope.

"Sahani ya watu hiyo," akasema.

"Mama, mimi nilikuwa…"

"Nimesikia ulivyokuwa." Akamgeukia fundi, aliyekuwa bado amekaa kwenye ndoo yake na andazi moja lililomfikia miguuni. Akamwomba saruji kidogo, na amwazime mwiko wa kujengea. Fundi alichanganya haraka, nadhani alifurahi kupata kazi inayoeleweka. Mama akachukua kibakuli cha saruji na mwiko, akaja, akaniwekea mikononi.

"Za kwake nilizijengea mimi," akasema. "Yako sitaijengea."

Nikaokota vipande, nikaanza kupiga magoti palepale, karibu na kiti. Akaniambia si hapo. Akanipeleka kwenye mlango wa chumba changu, pale sakafu yake ilipokuwa imeishia na kubaki udongo mtupu, akasema hapa, unapopita wewe. Kisha akamwambia Bwana Ukumbi kwamba sakafu yake haina pa kwenda, kazi yake iko hapahapa na bado haijaisha, asante kwa kuja. Akamwambia fundi ayarudishe maboksi. Fundi akamtazama baba. Baba akatazama miguu yake, akainyoosha, akaikunja upya, akakosa pa kuiweka. Maboksi yaliondoka kabla ya mchana.

Nilijenga vibaya. Mtu anayejua bati hajui saruji. Niliikandika nyingi mno, vipande vikazama upande mmoja na kuchomoza upande mwingine, na nilikuwa bado na hasira, au na ile raha, sijui. Jasho lilinidondokea puani. Ule ubeti ulikuwa mfukoni. Nilipomaliza niliutumia kufutia mwiko wa fundi. Mama alikuja akainama, akapitisha kiganja chake, akakiondoa haraka.

"Inakata," akasema.

Nikamwambia nitairekebisha. Akasema imeshashika.

Jirani alipata sahani mpya. Dada alipiga simu, na alipogundua ninajua hakusema "nilikwambia", alilia tu. Bwana Ukumbi bado ananitumia ujumbe. Anasema anataka hata picha tu, na siku hizi ananiita mshairi. Simjibu. Baba amehamisha kiti chake kando ya lango, lakini huko nako kuna mawaridi, hakuna mahali kwenye ua ule anapoweza kuweka miguu. Wanandoa wamepungua kuja.

Kipande changu kipo pale mlangoni. Kina ukingo unaokwaruza soli ya kiatu kila ninapotoka kwenda kazini, na mvua ikinyesha maji hutuama hapo tu. Mama hufagia ua wote kila asubuhi, kona kwa kona. Akifika hapo husimamisha ufagio, akauegemeza kwenye mlango wangu, akaenda zake.